Betri za taa za wavuvi Ziwa Mweru: namna ya kuchagua, kupakia na kuvusha kwa usalama

NCHELENGE, Zambia – Betri ni miongoni mwa bidhaa zinazotafutwa na wavuvi wa usiku katika mwambao wa Ziwa Mweru. Ni bidhaa inayolipa, lakini pia inaweza kuchoma gari, kutoboa turubai kwa asidi, kuharibu shehena ya samaki au kuwasha moto kwenye mtumbwi ulio mbali na nchi kavu.

Mwongozo huu unawahusu wafanyabiashara na wasafirishaji wanaonunua betri Dar es Salaam, Lusaka au Lubumbashi na kuziuza Nchelenge, Kashikishi, Chiengi, na ng'ambo ya pili Kilwa na Pweto nchini Kongo. Unaeleza aina zilizopo sokoni, hesabu ya ukubwa unaofaa, dalili za betri bandia, na taratibu za kupakia na kuvuka mpaka.

Kwa nini betri Mweru

Ziwa Mweru limegawanywa kati ya Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto Luapula huingia kusini, na maji hutoka kaskazini karibu na Pweto kwa mto Luvua. Tangu miaka ya 1980 uvuvi wa chisense umekuwa tegemeo kubwa la kaya nyingi za mwambao. Chisense ni samaki wadogo jamii ya dagaa, ndugu wa kibiashara wa ndagala wa Tanganyika, omena wa Kenya na mukene wa Uganda. Huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga, kisha hukaushwa juani na kusafirishwa hadi miji ya Copperbelt na Katanga.

Zamani mwanga huo ulitoka kwenye karabai za mafuta ya taa. Karabai zimezidi kuziachia nafasi taa za LED, ambazo hutumia umeme kidogo na hazihitaji mafuta kila usiku. Hatari, hata hivyo, haikuondoka. Imehama kutoka kwenye dumu la mafuta kwenda kwenye betri.

Mahitaji ya betri yaliongezeka zaidi mwaka 2024, baada ya ukame kupunguza maji ya Kariba na Zambia kuingia katika mgawo mkali wa umeme. Betri za kila aina ziliingia nchini, nzuri na mbovu.

Aina nne zinazopatikana sokoni

1. Betri ya maji ya gari. Hupatikana kila mahali na fundi wake yupo. Lakini imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kuwasha taa usiku kucha. Ikimalizwa mara kwa mara hufa mapema. Mtumbwi ukiyumba, asidi humwagika. Inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo huweza kulipuka ikifikia asilimia 4 ya hewa. Kuichaji ndani ya chumba cha kulala au karibu na jiko la mkaa ni hatari.

2. Betri kavu ya risasi. Hii huandikwa AGM au Gel. Imefungwa, haimwagiki kirahisi, na chaja zake ni za kawaida. Udhaifu wake ni uzito na umri. Ikitumiwa hadi nusu tu ya uwezo wake kila usiku hudumu takriban mizunguko 400 hadi 500. Ikikaushwa kabisa, idadi hiyo hushuka sana.

3. Betri ya lithiamu aina ya chuma-fosfeti, inayoandikwa LiFePO4. Ni nyepesi na huvumilia joto kuliko lithiamu za aina nyingine. Nyingi huuzwa kwa ahadi ya mizunguko 2,000 au zaidi. Lazima iwe na sakiti ya ulinzi ndani, ambayo mara nyingi huandikwa BMS. Sakiti hiyo hukata umeme betri ikijazwa kupita kiasi, ikikauka mno au ikipiga shoti.

4. Betri ndogo za duara za volti 3.7, maarufu kwa namba 18650. Hizi ndizo zilizomo ndani ya taa za kichwani, feni ndogo za kuvaliwa na pawabenki nyingi. Zikiwa halisi na zimefungwa kiwandani hazina tatizo. Hatari ni zile zinazouzwa moja moja kwenye ndoo, zilizotolewa kwenye kompyuta za mkononi zilizokufa na kuvishwa ganda jipya la plastiki.

Hesabu ya ukubwa

Wauzaji wengi huuza betri kwa ukubwa wa boksi. Mnunuzi makini huanza na kazi. Zidisha wati za taa zote kwa saa za kazi. Jibu ni wati-saa zinazohitajika kwa usiku mmoja.

Mfano: taa mbili za wati 5 kila moja, kwa saa 10. Jumla ni wati 10 mara saa 10, yaani wati-saa 100.

Betri kavu ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo zinahitajika wati-saa 200. Gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampea-saa 17. Betri ya ampea-saa 18 inatosha, nayo ina uzito wa kilo 5 hadi 6.

Betri ya LiFePO4 inaweza kutumiwa hadi asilimia 80. Zinahitajika wati-saa 125. Gawanya kwa volti 12.8, unapata karibu ampea-saa 10. Uzito wake ni kilo moja na nusu hivi.

Kuijaza tena wati-saa 100 kwa jua la saa tano, ukihesabu na upotevu, kunahitaji paneli ya wati 30. Msimu wa mawingu ni busara kuwa na wati 40 au 50.

Ipi nafuu?

Bei ya dukani ya lithiamu huwa juu, na hapo ndipo wauzaji wengi hushindwa kumshawishi mvuvi. Hesabu ya usiku mmoja mmoja husaidia. Usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo chukua makadirio ya usiku 20 wa kazi kwa mwezi. Kwa miezi tisa ni usiku 180 kwa mwaka. Betri kavu ya mizunguko 400 itakwisha baada ya miaka miwili na kidogo. Yenye mizunguko 2,000 haitakuwa imefika hata robo ya umri wake. Joto na uzee huipunguza nguvu hata bila kutumiwa, hivyo asiahidiwe mtu miaka kumi. Lakini hata ikiuzwa mara tatu ya bei ya betri kavu, lithiamu halisi bado ni nafuu kwa kila usiku.

Neno muhimu hapo ni halisi. Lithiamu bandia ni hasara kuliko betri ya risasi ya wastani. Mfanyabiashara asiyeweza kuipima lithiamu kabla ya kuinunua ni heri abaki na betri kavu inayojulikana.

Kutambua bandia

Vipimo vitatu havihitaji maabara.

Uzito. Betri halisi ya 18650 ina gramu 45 hadi 48 hivi. Ikiwa na gramu 25 au 30, ndani kuna betri ndogo au mchanga. Vivyo hivyo kwa betri kubwa: boksi la "ampea-saa 18" za risasi lenye kilo 3 si la ampea-saa 18.

Maandishi. Betri bora za 18650 zilizozoeleka huishia karibu 3,500 mAh. Inayoandikwa 6,800 au 9,900 mAh inasema uongo, na aliyedanganya kwenye namba hatakuwa mkweli kwenye usalama.

Volti. Betri kavu ya volti 12 iliyojaa na kupumzishwa husoma karibu 12.7 au zaidi. Iliyokaa dukani ikasoma chini ya 12.4 inahitaji kuchajiwa kabla ya kuuzwa. Iliyoshuka chini ya 12 kwa muda mrefu huenda imeshaharibika. Mita ya volti ya mkononi hujirudishia gharama yake katika mzigo wa kwanza.

Iliyovimba, iliyopasuka au yenye harufu tamu ya dawa irudishwe kwa aliyeiuza. Kuitoboa ili kutoa hewa ni kuitafuta ajali.

Kuifunga kwenye mtumbwi

Betri ikae kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko, juu ya sakafu ya mtumbwi, ifungwe isiteleze. Fyuzi ifungwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na kichwa cha betri. Taa za wati 10 kwa volti 12 huvuta chini ya ampea 1. Fyuzi ya ampea 2 au 3 inatosha. Bila fyuzi, waya uliochubuka ukigusana huwaka wote.

Taa ya kichwani na feni ya kwenye kofia zina kanuni yake. Betri ikiwaka nyuma ya kichwa, mvaaji hana nafasi ya kuivua. Kwa kazi ya usiku mzima ni salama zaidi kuchagua zile ambazo betri yake hukaa kiunoni kwa waya mrefu, ndani ya kifuko kisichoingiza maji, mbali na jasho na uso. Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya pawabenki hujizima zenyewe kifaa kikivuta umeme kidogo mno. Ijaribiwe na kifaa chenyewe kabla ya kuuzwa.

Chaja ziende na betri zake. Chaja ya risasi yenye hatua ya kufufua betri inaweza kuumiza lithiamu.

Betri ya lithiamu ikianza kutoa moshi, watu wakae upande unakotoka upepo, maana moshi wake ni sumu. Kama inaweza kusukumwa nje kwa kasia bila kuguswa, itolewe mtumbwini. Ikiwa nchi kavu, imwagiwe maji mengi kwa muda mrefu ili kuipoza, kwani huweza kuwaka tena baada ya kuonekana imezimika.

Msimu wa kufungwa uvuvi

Zambia hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari katika maji mengi, Mweru-Luapula ikiwamo. Betri ya risasi iliyowekwa stoo ikiwa imekauka kwa miezi hiyo mitatu mara nyingi haifufuki. Ichajiwe ijae kabla ya kuhifadhiwa, na irudiwe kila mwezi. Lithiamu ihifadhiwe ikiwa nusu, mahali pa baridi. Kwa mfanyabiashara, mzigo mkubwa unaofika Desemba ni mtaji uliolala na unaooza. Mzigo wa Februari huuzwa.

Barabarani

Mizigo ya Dar es Salaam hupita Tunduma na Nakonde, kisha Kasama, Mansa na Mwense hadi Nchelenge. Kwa safari hiyo:

- Vichwa vya betri vifunikwe kwa plastiki au gundi ya umeme ili visiguse chuma.
- Betri ya maji isimame wima, isipangwe juu ya lithiamu.
- Mzigo usikae juani chini ya turubai jeusi siku nzima gari likisubiri mpakani.
- Betri zisichanganywe na samaki wala unga. Gari lililobeba betri kwenda ziwani hurudi na chisense, hivyo sakafu ioshwe kabla ya kupakia. Risasi na asidi havionekani kwenye gunia, lakini hufika mezani.

Nyaraka za usafirishaji hutumia namba za Umoja wa Mataifa: UN 2794 kwa betri ya maji yenye asidi, UN 2800 kwa betri kavu isiyomwagika, UN 3480 kwa lithiamu peke yake, na UN 3481 kwa lithiamu iliyo ndani ya kifaa au pamoja nacho. Mwuzaji wa jumla wa lithiamu aombwe cheti cha majaribio ya UN 38.3.

Wanaosafiri kwa ndege kwenda kununua wajue kwamba betri ya akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi tu. Hadi wati-saa 100 kwa kawaida huruhusiwa. Kati ya 100 na 160 huhitaji kibali cha shirika la ndege. Zaidi ya 160 hairuhusiwi. Tangu 28 Juni 2025, China imezuia abiria wa safari zake za ndani kubeba pawabenki isiyo na alama ya 3C.

Mpakani

Kwenye forodha, betri ya kuwasha gari huingia namba 8507.10, betri nyingine za risasi 8507.20, na lithiamu 8507.60. Taa ya mkononi au ya kichwani ni 8513.10. Kuandika "vifaa vya sola" kwa jumla hualika ukaguzi na kuchelewa.

Wapo wanaodhani Utaratibu Rahisi wa Biashara wa COMESA huwasamehe ushuru wa kila kitu kidogo. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizotoka nchi wanachama. Betri ya China iliyonunuliwa Kariakoo haiingii, na Tanzania yenyewe ilijitoa COMESA mwaka 2000. Upande wa Zambia ushuru hukusanywa na ZRA. Upande wa Kongo ni DGDA, na ukaguzi wa ubora ni wa OCC. Risiti ya ZRA haimlindi mtu akiteremka Kilwa.

Betri chakavu ni jambo jingine. Kwa Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, betri chakavu za risasi ni taka hatarishi, na kuzivusha mpaka kunahitaji ridhaa ya maandishi ya nchi inayopokea. Zambia inaijua risasi: mgodi wa Kabwe ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi lake bado limo kwenye udongo wa makazi. Kenya nayo ina Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaletea wakazi sumu ya risasi. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikairejesha tuzo hiyo mwaka 2024. Kuyeyusha betri ufukweni ili kupata vizito vya nyavu ni kuleta balaa hilo hilo Mweru.

Kwa ufupi

Kwa taa za usiku, LiFePO4 yenye sakiti ya ulinzi ndiyo chaguo la kwanza. Betri kavu ya risasi ndiyo la pili. Betri ya maji ibaki kwenye gari. Betri za ndoo zisinunuliwe kwa bei yoyote. Na kila betri inayouzwa iondoke dukani na fyuzi yake: ni kitu kidogo, lakini ndicho kitakachomrudisha mteja nyumbani asubuhi, naye atarudi dukani kununua tena.