Kenya: Huduma za afya ya mazingira katika serikali za kaunti

Katika nchi jirani ya Kenya, anayetaka kufungua mkahawa au kulalamikia mtaro wa maji taka unaofurika haendi wizarani Nairobi. Huenda kwenye idara ya afya ya kaunti yake. Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali 47 za kaunti utoaji wa leseni kwa wauzaji wa vyakula, uzoaji wa taka, makaburi, na udhibiti wa kelele, moshi na kero nyinginezo. Ukaguzi wa kiafya katika bandari na vituo vya mpakani, kama vile Busia na Malaba, umebaki mikononi mwa serikali kuu.

Watendaji ni maafisa wa afya ya umma, ambao wazee bado huwaita mabwana afya, hata afisa akiwa mwanamke. Nguzo yao ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika 1921.

Kila anayeshika chakula cha kuuza hutakiwa kupimwa na kupewa cheti kinachodumu miezi 6, kwa kuwa mtu aweza kubeba vimelea vya homa ya matumbo bila dalili yoyote. Cheti hicho si kibali cha biashara. Wageni wengi huvichanganya viwili hivyo, na aliyelipia kibali pekee bado aweza kufungiwa mlango.

Panapokuwa na kero, afisa hutoa ilani ya maandishi yenye muda wa kurekebisha. Mwenye nyumba akikaidi hufikishwa mahakamani, na hakimu aweza kuamuru nyumba isikaliwe na watu. Wakati wa kipindupindu, kama katika mlipuko ulioanza Oktoba 2022, maafisa hao hao hupima visima, hugawa klorini na hufunga vibanda vya chakula.

Ukaguzi unapolegea, gharama huwaangukia wakazi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilitapakaza risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Lawama kubwa iliangukia taasisi za serikali kuu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu hiyo Desemba 2024, miaka 10 baada ya kiwanda kufungwa.