Sosiani, mto uliouweka Eldoret mahali pake

Wakazi wa mtaa wa Huruma wanaoteremka Sosiani kuosha pikipiki au kuchota maji ya kumwagilia sukuma wiki wako kwenye mto ule ule ulioamua Eldoret ikae wapi. Kabla ya reli, hapa ndipo maksai waliokokota magari kutoka Londiani walipopata maji.

Uwanda huu wa Uasin Gishu haukuwa mtupu. Wamaasai wa Uasin Gishu walilisha mifugo huku, kisha Wanandi. Nguvu za Wanandi zilivunjwa baada ya kiongozi wao Koitalel arap Samoei kuuawa Oktoba 1905, na ardhi ikagawiwa wageni. Wengine walipewa wakaikataa: mwaka 1903 Uingereza ilipendekeza kuwapa sehemu hii Wazayuni, waliokuwa wakiwatafutia Wayahudi makao, lakini wajumbe waliokuja kuikagua hawakuridhika.

Makaburu wa Afrika Kusini hawakusita. Mwaka 1908 kundi lililoongozwa na Jansen van Rensburg lilishuka Mombasa kwa meli, likapanda treni hadi Nakuru, kisha likaanza kupanda milima na magari zaidi ya 40. Gari moja liliweza kuvutwa na maksai 16. Msituni matope yalimeza magurudumu hadi kwenye ekseli. Miti ikakatwa na kutandikwa njiani, nira za gari moja zikaunganishwa na za jingine ili wanyama wavute pamoja. Oktoba walikuwa wamefika Sergoit, kwenye uwanda huu.

Baadaye mizigo ya walowezi ilishushwa stesheni ya Londiani na kupandishwa kwa njia ya matope kama ile. Kwenye kivuko cha Sosiani maksai walifunguliwa nira, wakanywa, wakalishwa. Shamba nambari 64, lililokuwa kando ya mto, lilikuwa na udongo duni usiofaa kilimo, basi mwaka 1910 posta ikajengwa hapo. Watu wakapaita Sisibo, yaani "sixty-four" kwa matamshi yao. Jina la Eldoret lilitangazwa rasmi mwaka 1912. Inasimuliwa kwamba kasha la fedha la benki lilidondoka kutoka kwenye gari, likawashinda watu kuliinua, na benki ikajengwa kulizunguka.

Reli ilipofika mwaka 1924, magari ya maksai yalikosa kazi. Mto haukukosa. Unaendelea hadi Nzoia na Ziwa Victoria, ukibeba taka zetu.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Jiji lenye heshima lianze kwa kuzuia majitaka na takataka kuingia Sosiani, na liweke penye kivuko kile kibao kinachowataja pia Wanandi na Wamaasai, walionywesha ng'ombe wao hapo kabla ya gari lolote kufika.