Mti wa Mwisho wa Kisiwa cha Rodrigues

Mtu akipita msituni na kuona mti mkubwa umesimama, husema moyoni mwake ya kuwa mti ule ni mzima. Majani yake ni mabichi, shina lake halina ugonjwa, na kila mwaka hutoa maua. Lakini wazee wetu hawakuupima ukoo kwa kumtazama babu peke yake; waliuliza, Watoto wako wapi? Kadhalika na mti. Mti usio na miche chini yake ni ukoo unaokwisha, ijapokuwa wenyewe bado umesimama. Nataka kuwasimulia wasomaji habari za mti mmoja wa namna hiyo, uliobaki peke yake duniani, tupate kufahamu jinsi ulivyopata watoto tena.

Katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, iko nchi ya visiwa iitwayo Morisi. Ukisafiri tena kuelekea mashariki, yapata kilomita 600, utafika kisiwa kidogo kiitwacho Rodrigues, ambacho eneo lake ni kilomita za mraba 108 tu. Hapo kale hakikukaliwa na watu. Mwaka 1691 Mfaransa mmoja, jina lake François Leguat, alifika huko pamoja na wenziwe wachache, nao ni watu waliokimbia kwao kwa ajili ya dini. Wakakaa miaka miwili. Leguat aliandika habari za misitu ya kisiwa kile, na za kobe wakubwa waliokuwa wengi mno.

Karne iliyofuata, merikebu zilichukua kobe hao kwa maelfu wawe chakula, hata ilipofika karibu na mwaka 1800 hakubaki hata mmoja. Kisha watu wakahamia kwa wingi, wakaleta mbuzi na ng'ombe, wakafyeka misitu kwa mashamba na kwa kuni, na moto ukateketeza sehemu nyingine. Wengi wa wenyeji wa Rodrigues ni wazao wa watumwa waliochukuliwa kutoka Madagaska na pwani ya Afrika ya Mashariki, hasa Msumbiji. Kwa hiyo wao si wageni kwetu kabisa.

Mwaka 1874 Waingereza walipeleka wataalamu kisiwani kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Mmoja wao, Isaac Bayley Balfour, kazi yake ilikuwa kuchunguza mimea na mawe. Katika miaka hiyo ndipo ulipoandikwa na kuchorwa mti mdogo wa jamii ya kahawa, wenye maua meupe mfano wa nyota, ambao hauoti mahali pengine po pote duniani. Wenyeji huuita café marron. Neno hilo la pili walipewa watumwa waliotoroka mabwana zao wakaishi porini. Basi ni kama kusema, kahawa iliyotoroka.

Mti huu una desturi ya ajabu. Ukiwa mchanga, majani yake ni marefu, membamba, na rangi yake ni ya kahawia kama majani makavu. Ukiisha kurefuka, hutoa majani mapana ya kijani kibichi. Wataalamu hudhani ya kuwa hiyo ilikuwa hila ya kuwadanganya kobe, wasiuone mche ulipokuwa bado chini ya vinywa vyao. Lakini hila iliyofaa mbele ya kobe haikufaa mbele ya mbuzi, wala mbele ya shoka. Miaka ikapita, mti usionekane, hata katikati ya karne ya 20 watu wakasema umekwisha.

Basi, karibu na mwaka 1980, mwalimu mmoja wa shule kisiwani aliwaagiza wanafunzi wake walete mimea ya kwao isiyoonekana sana. Mtoto mmoja akaleta tawi. Tawi hilo likapelekwa Kew, karibu na London, iliko bustani kubwa ya mimea, na jibu likarudi kwamba ndiyo ile ile kahawa ya porini iliyodhaniwa kuwa imekufa. Walipotafuta kisiwani waliona mti mmoja tu, kando ya njia, umetafunwa na wanyama. Sisi walimu na tuangalie jambo hili: mti uliowapotea wataalamu ulionekana kwa macho ya mtoto wa kijiji, kwa sababu mwalimu wake alimwuliza.

Lakini habari njema ilileta hatari mpya. Tangu zamani wenyeji waliutumia mti huo kuwa dawa, na waliposikia ya kuwa umebaki mmoja, wakaja kuvunja matawi na kuchukua majani. Ukajengwa ua kuuzunguka, kisha ua wa pili, na bado watu waliruka. Mimi siwalaumu upesi. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani hatazami mti kama mtaalamu autazamavyo. Ila kila jani lililochumwa liliukaribisha mti kwenye kifo, na ukifa mti hata dawa yenyewe imekwisha. Mtu aliyetaka dawa na mtu aliyetaka mti uishi, haja yao ilikuwa moja, wala hawakujua.

Mwaka 1986 vipande vya matawi vilichukuliwa kwa ndege mpaka Kew, na kimoja kikashika mizizi. Kutoka hicho wakapata vingine, vyote vikakua katika nyumba za vioo, vikatoa maua mengi. Watu wakafurahi, lakini miaka mingi ikapita bila mbegu hata moja. Mti uliotokana na tawi si mtoto. Ni mti ule ule katika mwili mwingine, na ugonjwa uwezao kuua mmoja waweza kuua yote.

Shida ilikuwa ndani ya ua. Ili mbegu ifanyike, chavua, yaani ule unga wa ua, sharti iangukie ncha ya kijiti kilicho katikati, kisha ishuke ndani mpaka kwenye kifuko cha mbegu. Katika maua haya chavua ilikuwa nzima, lakini njia ya kushukia ilikuwa kama imefungwa. Mtunza bustani mmoja, Mhispania aitwaye Carlos Magdalena, hakukubali kwamba mambo yamekwisha. Alijaribu mara nyingi sana. Mwishowe akakata ncha ya kile kijiti kwa kisu, akaitia chavua juu ya jeraha lenyewe. Mwaka 2003 likapatikana tunda lenye mbegu, na mbegu zikaota. Baadaye baadhi ya miche ikarudishwa Rodrigues, nyumbani kwake.

Tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya visiwani tu. Mwaka 1977 mti mrefu ambao wataalamu huuita Karomia gigas uliandikwa mara ya kwanza karibu na pwani ya Kenya, na mti ule ukaja ukakatwa. Mwaka 1993 wa jinsi hiyo ulionekana katika misitu ya Kilwa, nchini Tanzania. Nao kuzaa kwake ni kwa shida, kwa kuwa matunda mengi hayana mbegu nzima, na mengine huharibiwa na ukungu.

Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kew walijenga ukuta: nyumba za vioo, ndege, na miaka 17 ya kungoja tangu tawi lilipofika hata tunda la kwanza. Sisi hatuna vitu hivyo, lakini ufa bado twaweza kuuziba. Ndugu, nendeni mkautazame mti wenu wa dawa au wa mbao uliobaki mmoja mmoja, muiname mtazame chini yake. Kama hapana miche, waulizeni wazee matunda yake hukomaa mwezi gani, zuieni mbuzi, okoteni mbegu, mkazipande kivulini karibu na nyumba. Mganga achukuaye gome na apande mche. Nanyi walimu wenzangu, waagizeni watoto walete matawi ya miti ya kwao na majina yake, kabla majina hayajabaki peke yake.