Mandolini: mbao kwanza, umeme baadaye

Haya wasomaji, pesa ni kidogo: ununue mandolini ya kawaida au ile yenye tundu la waya wa kwenda kwenye spika? Tuulize historia.

Mwaka 1922 kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa F-5, kazi ya Lloyd Loar. Ilikuwa na matundu mawili ya umbo la f, kama ya fidla, badala ya moja la mviringo. Mandolini ya umeme ya Gibson ilifuata 1936. Hata hivyo, Bill Monroe alijenga muziki wa bluegrass kwa F-5 ya 1923, mbele ya maikrofoni tu.

Kwa bei ileile, umeme hupunguza pesa za mbao. Kifaa cha kunasa mtetemo utakibandika baadaye. Ubao mbovu hauna apdeti.