Leontyne Price na Mlango wa Mbele

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao wahusika wake huimba maneno badala ya kuyasema, wakisindikizwa na okestra, wala kwa desturi hawatumii vipaza sauti. Sauti ya kike iliyo ya juu kuliko zote huitwa soprano. Katika sanaa hiyo, iliyokuzwa katika majumba ya wakubwa wa Ulaya, twapenda kumtazama mwanamke Mweusi wa Marekani, Leontyne Price.

Alizaliwa mwaka 1927 mjini Laurel, Mississippi, mahali ambapo ubaguzi wa rangi ulikuwa ndiyo sheria. Baba yake alikuwa kibarua wa kiwanda cha kupasua mbao; mama yake, mkunga na mwimbaji wa kwaya, alimpeleka mwaka 1936 mjini Jackson kumsikiliza Marian Anderson. Price alisoma Ohio akikusudia kuwa mwalimu, kisha akaingia chuo cha muziki cha Juilliard, New York.

Mwaka 1955 aliimba Tosca katika televisheni, na baadhi ya vituo vya Kusini vikakataa kuionyesha. Mwaka huo huo Anderson alikuwa Mweusi wa kwanza kuimba nafasi ya pekee katika Metropolitan Opera ya New York. Lakini alikwisha timiza miaka 57! Mlango ulifunguliwa jioni.

Price mwenyewe aliitwa na Metropolitan kuimba Aida mwaka 1958, akakataa. Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Aida, katika opera ya Verdi iliyochezwa mara ya kwanza Cairo mwaka 1871, ni binti mfalme wa Ethiopia aliyetekwa akafanywa mtumwa Misri. Washauri wa Price, mmojawapo Peter Herman Adler, waliona kwamba hafai kuingia kwa mara ya kwanza katika jumba lile akiwa amevaa utumwa. Si kwamba aliidharau nafasi hiyo, kwani aliiimba Vienna na London, na mwaka 1960 akaiimba La Scala, Milan, nyumbani kwa opera yenyewe. Alichokataa ni kutanguliza utumwa.

Basi alisubiri. Tarehe 27 Januari, 1961, aliingia Metropolitan akiwa Leonora, bibi wa heshima wa Hispania, katika Il trovatore. Makofi yalizidi nusu saa.

Mwaka 1966 jumba jipya la Metropolitan lilifunguliwa kwa Antony and Cleopatra, opera ambayo Samuel Barber alimtungia yeye. Onyesho lilisutwa sana, nasi twaona kosa lilikuwa la mapambo na mitambo kuliko la mwimbaji.

Alipoiaga Metropolitan tarehe 3 Januari, 1985, alichagua Aida. Baada ya wimbo ambao binti huyo anaililia nchi yake, makofi yalimfanya Price asimame kimya kwa dakika kadhaa, okestra ikimngoja.