Zitto Kabwe: Kura na maswali ya mpinzani katika Bunge la Tanzania

MBUNGE wa upinzani hushindwa karibu katika kila kura. Ndivyo ilivyo katika bunge lolote ambamo chama tawala kina wingi mkubwa wa viti, na mjini Dodoma, ambako Chama Cha Mapinduzi (CCM) kimeshika hatamu tangu kilipoundwa mwaka 1977, hali hiyo imekuwa ya kudumu.

Hata hivyo, kati ya mwaka 2005 na 2020, Bw Zitto Kabwe alishiriki katika mijadala iliyofuatwa na mageuzi ya sheria ya madini na kuondoka kwa mawaziri kadhaa. Rekodi yake inadhihirisha kwamba mpinzani anaweza kupoteza kura na bado akaisukuma serikali, mradi swali lake liandamane na hati, na mradi apate wenzake wa upande wa pili.

Makala haya yanaeleza jinsi rekodi hiyo ilivyojengeka, pale ilipofaulu na pale ilipokwama.

ALIVYOINGIA BUNGENI

Bw Kabwe alizaliwa mkoani Kigoma Septemba 24, 1976, na kusomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 2005 kuwakilisha Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya Chadema, akiwa na umri wa miaka 29.

Katika uchaguzi huo Chadema kilipata viti 5 tu vya majimbo, ilhali CCM kilijinyakulia 206 kati ya 232. Kwa hesabu hiyo, hakuna hoja ya upinzani ambayo ingepita bila ridhaa ya chama tawala.

Alihifadhi kiti chake mwaka 2010. Mwaka 2015 alichaguliwa Kigoma Mjini akiwa mbunge pekee wa chama kipya cha ACT-Wazalendo, na akashindwa katika uchaguzi wa mwaka 2020.

KANUNI ZA KUULIZA

Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalipa Bunge mamlaka ya kumuuliza waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya wajibu wake. Kwa kuwa mawaziri wa Tanzania lazima wawe wabunge, muulizaji na mjibuji huketi katika ukumbi mmoja.

Swali la msingi huwasilishwa kwa maandishi mapema, huchapishwa katika orodha ya shughuli za siku, na waziri husoma jibu lililoandaliwa na maafisa wa wizara. Baada ya hapo muulizaji huruhusiwa maswali mawili ya nyongeza.

Ni katika hayo ya nyongeza ambapo waziri hupimwa, kwa maana hana karatasi ya kusoma. Mbunge anayejua jambo lake huuliza swali la msingi lililo jepesi, kisha huliweka lile zito mwishoni.

Mbali na maswali, mbunge anaweza kuwasilisha hoja binafsi, kuomba shughuli za Bunge ziahirishwe ili jambo la dharura lijadiliwe, au kudai kamati teule ya uchunguzi. Ibara ya 100 inamkinga asishtakiwe kwa aliyoyasema ndani ya ukumbi. Nje ya ukumbi kinga hiyo haimfuati.

KURA ZISIZO NA MAJINA

Msomaji anayetaka kujua mbunge fulani alipigaje kura hukumbana na kikwazo. Maamuzi mengi ya Bunge hufanywa kwa sauti: Spika huuliza, wabunge huitikia “ndiyo” au “hapana”, kisha Spika hutangaza upande ulioshinda. Taarifa Rasmi huandika matokeo bila kutaja nani alisema nini.

Kura ya bajeti ni tofauti. Kila mwezi Juni wabunge huitwa majina mmoja baada ya mwingine na kila mmoja hujibu kwa sauti yake. Uzito wake unatokana na Ibara ya 90, ambayo inamruhusu Rais kulivunja Bunge likiikataa bajeti ya serikali. Kwa mbunge wa chama tawala, kusema “hapana” siku hiyo ni kuhatarisha kiti chake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, rekodi ya kura pekee haiwezi kumpima mpinzani wa Tanzania. Lazima isomwe pamoja na maswali aliyouliza, hoja alizowasilisha na nyaraka alizotia sahihi.

BUZWAGI: HOJA ILIYOSHINDWA

Februari 17, 2007, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, Bw Nazir Karamagi, alitia sahihi mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, ulioko Kahama, na kampuni ya Barrick. Mkataba huo ulitiwa sahihi London, wakati ambapo serikali ilikuwa imetangaza kupitia upya mikataba ya madini.

Bw Kabwe aliuliza jambo ambalo mwananchi wa kawaida angeliuliza: kwa nini mkataba wa mgodi ulio Tanzania ukasainiwe ng’ambo, na kulikuwa na haraka gani? Alitaka Bunge liunde kamati teule.

Hoja hiyo ilikataliwa Agosti 2007. Zaidi ya hayo, Bunge liliamua kwamba alikuwa amesema uongo dhidi ya waziri, na likamsimamisha hadi Januari 2008.

Adhabu hiyo ilizaa matokeo ambayo chama tawala hakikuyatarajia. Mbunge aliyefungiwa mlango Dodoma alizunguka nchini akihutubia mikutano, na neno Buzwagi likawa mazungumzo ya vijiweni na ndani ya daladala.

Novemba 2007, Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kuchunguza sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na kumteua Bw Kabwe kuwa mmoja wa wanachama wake. Mapendekezo ya kamati hiyo yalichangia Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4 na kuuhesabu kwa thamani ghafi ya madini.

Bw Karamagi, kwa upande wake, alijiuzulu Februari 2008 kutokana na sakata nyingine, ile ya umeme wa Richmond, iliyomwondoa pia Waziri Mkuu Edward Lowassa.

SAHIHI 70

Aprili 2012, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kufichua matumizi mabaya ya fedha katika wizara kadhaa, Bw Kabwe alianza kukusanya sahihi za kuwasilisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda.

Katiba inataka hoja ya aina hiyo iungwe mkono na asilimia 20 ya wabunge wote, yaani takriban 70 wakati huo, na taarifa itolewe siku 14 kabla. Baadhi ya wabunge wa CCM walitia sahihi, akiwemo Bw Deo Filikunjombe wa Ludewa.

Kikao kilikuwa kikifungwa, na kwa kuwa siku 14 hazikuwa zimetimia, hoja haikujadiliwa. Lakini mwanzoni mwa Mei Rais Kikwete alilifanyia mabadiliko baraza lake na kuwaacha nje mawaziri sita.

Kura haikupigwa, wala Bw Pinda hakuondoka. Hata hivyo, karatasi ya sahihi ilifanya kazi ambayo kura ya sauti haifanyi: ilionyesha kwa majina ni nani, hata ndani ya chama tawala, alikuwa amechoka.

AKAUNTI YA ESCROW

Nguvu kubwa zaidi aliipata kupitia kamati. Kanuni za Bunge zilizopitishwa mwaka 2007 ziliwapa wapinzani uenyekiti wa kamati za hesabu. Bw Kabwe aliongoza ile ya mashirika ya umma, kisha kuanzia mwaka 2013 Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC).

Mwaka 2014 mbunge mwingine wa Kigoma, Bw David Kafulila wa NCCR-Mageuzi, aliibua bungeni suala la fedha zilizotolewa katika akaunti ya Escrow iliyokuwa Benki Kuu. Akaunti hiyo ilifunguliwa mwaka 2006 kutokana na mgogoro wa malipo ya umeme kati ya shirika la Tanesco na kampuni ya IPTL. Fedha hizo, ambazo PAC ilizikadiria kuwa zaidi ya Sh306 bilioni za Tanzania, zililipwa mwishoni mwa mwaka 2013.

Wafadhili walizuia msaada wa bajeti wa takriban dola milioni 490 wakisubiri ukweli ujulikane.

Novemba 2014 ripoti ya PAC ilisomwa bungeni na Bw Kabwe pamoja na makamu wake, Bw Filikunjombe wa CCM. Kusomwa na wanasiasa wa vyama viwili kuliiondolea serikali jibu rahisi la kudai kwamba hiyo ilikuwa njama ya upinzani.

Bunge lilipitisha maazimio yaliyotaka maafisa kadhaa wawajibishwe. Mwanasheria Mkuu, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu Desemba 2014. Waziri wa Ardhi, Prof Anna Tibaijuka, alifutwa kazi mwezi huo huo, na Waziri wa Nishati na Madini, Prof Sospeter Muhongo, akajiuzulu Januari 2015.

YALIYOKWAMA

Rekodi hii ina upande wa pili. Novemba 2012 Bw Kabwe aliwasilisha hoja binafsi kuhusu mabilioni ya fedha yaliyodaiwa kufichwa na Watanzania katika benki za Uswisi. Bunge lilikubali uchunguzi ufanyike, lakini hakuna orodha ya majina iliyotolewa kwa umma. Wakosoaji walimlaumu yeye pia kwa kutoyataja majina aliyodokeza kuwa nayo.

Mwaka 2009 alishutumiwa na wengi kwa kuunga mkono serikali inunue mitambo ya umeme ya Dowans. Ndani ya Chadema kwenyewe alivuliwa nyadhifa Novemba 2013 katika mzozo wa uongozi, na akaondoka chamani Machi 2015.

Baada ya mwaka 2015 uwanja ulizidi kuwa mwembamba. Januari 2016 serikali ilitangaza kuwa televisheni ya taifa itaacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja. Bw Kabwe alitaka shughuli zisitishwe ili jambo hilo lijadiliwe. Mtafaruku ukazuka, na mwezi Mei alikuwa miongoni mwa wabunge 7 wa upinzani waliosimamishwa.

Mwaka 2018 alihoji hadharani tofauti iliyoonekana katika ripoti ya CAG: serikali ilikuwa imekusanya Sh25.3 trilioni katika mwaka wa fedha wa 2016/17, na matumizi yaliyoonyeshwa yalikuwa Sh23.8 trilioni. Serikali ilikana kuwa Sh1.5 trilioni zilipotea, ikisema ni suala la namna hesabu zilivyoandikwa.

Januari 2020 aliiandikia Benki ya Dunia akitaka mkopo wa elimu wa dola milioni 500 usimamishwe, kwa kuwa wasichana waliopata mimba walikuwa wakifukuzwa shuleni. Wabunge wa CCM walimshambulia vikali kwa maneno. Mkopo uliidhinishwa Machi mwaka huo, na marufuku ya wasichana hao ikaondolewa Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan.

Mei 2020 mahakama ilimpata na hatia ya uchochezi kwa matamshi aliyotoa nje ya Bunge mwaka 2018, na kumpa adhabu ya masharti ya mwaka mmoja.

FUNZO KWA MPIGAKURA WA KENYA

Kenya ilichagua njia nyingine. Ibara ya 152 ya Katiba ya mwaka 2010 inakataza waziri kuwa mbunge, na tangu uchaguzi wa mwaka 2013 mawaziri walijibu maswali mbele ya kamati pekee. Mwaka 2023 mabunge yote mawili yalianza kuwaita tena mawaziri ukumbini kujibu maswali ya wabunge na maseneta.

Kwa upande wa kura, Mkenya ana nafuu. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipopitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106 mnamo Juni 25, majina ya wabunge na kura zao yalisambaa kwa saa chache tu. Wananchi walijua ni nani wa kumpigia simu.

Lakini orodha ya kura hueleza siku moja. Haielezi kama mbunge aliyesema “la” aliwahi kumuuliza waziri swali hata moja kuhusu fedha hizo, au kama aliisoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu kabla ya kupaza sauti kwenye mkutano wa hadhara.

Mambo matatu basi yafaa kutazamwa kwa pamoja: kura pale zinapoandikwa kwa majina, maswali na yale ya nyongeza yaliyofuata majibu, na hatima ya kila swali baada ya miaka miwili au mitatu. Taarifa Rasmi za Bunge la Tanzania huandikwa kwa Kiswahili, na msomaji wa Mombasa au Kakamega anaweza kuzifuata bila mkalimani. Za Nairobi huchapishwa pia, na ni haki ya kila mpigakura kuzisoma kabla ya kurejea debeni.