Krismasi katika Kanisa la Mkunazini

Ukifika Unguja, msomaji, ukapita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, hutakosa kufika mahali paitwapo Mkunazini. Hapo limesimama kanisa kubwa la Kianglikana, ambalo jina lake ni Kanisa Kuu la Kristo. Kila mwaka, siku ya Krismasi, Wakristo wa mji huo, walio wachache katikati ya majirani zao Waislamu, hukusanyika humo kusali na kuimba kwa Kiswahili. Ibada ya namna hii hufanywa siku hiyo katika makanisa yasiyo na idadi ulimwenguni. Lakini Krismasi ya Mkunazini ina habari yake peke yake. Kwa maana kanisa hili lilianza siku ya Krismasi, na kiwanja lilipojengwa kilikuwa soko la kuuzia watu.

Wengi huisimulia habari hii kwa maneno machache mno. Husema kwamba soko lilifungwa, kanisa likajengwa, utumwa ukaisha. Mambo mawili ya kwanza ni kweli. La tatu si kweli, na hapo ndipo penye somo letu.

Kwanza yafaa ujue soko lenyewe lilikuwaje. Katika karne ya kumi na tisa Unguja ilikuwa bandari kuu ya biashara ya Afrika Mashariki. Pembe za ndovu, karafuu, nguo na shanga zilipita hapo, na pamoja nazo watu. Wanahistoria hukadiria kwamba katika miaka ya 1860 watumwa kati ya 15,000 na 20,000 waliletwa kisiwani kila mwaka, wengi wao kutoka nchi za Ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa. Wengine walibaki kulima mikarafuu ya Unguja na Pemba. Wengine walivushwa bahari kupelekwa Arabuni na kwingineko. Nahodha Mwingereza aitwaye Smee, aliyezuru Unguja mwaka 1811, alieleza jinsi mnada ulivyofanywa wakati ule. Watumwa walipakwa mafuta ya nazi ili miili ing'ae, wakapangwa mstari mmoja, watoto wadogo wakitangulia na wakubwa wakifuata kwa kimo na umri. Wanunuzi waliwatazama meno, wakawapapasa viungo, kama watu wanunuavyo ng'ombe. Soko la siku za Smee halikuwa Mkunazini; lilihamishwa zaidi ya mara moja, na Mkunazini ndipo lilipokuwa mwisho. Mahali palibadilika, biashara haikubadilika.

Soko halikufungwa kwa hiari. Mwanzoni mwa mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda kumtaka Sultani, Seyyid Barghash bin Said, akomeshe biashara ya watumwa. Seyyid Barghash alikataa. Alikuwa na sababu zake: mwaka uliotangulia tufani kubwa ilikuwa imeivunja mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu zake, na kodi ya watumwa ilikuwa sehemu ya mapato yake. Ndipo Waingereza walipotishia kukizingira kisiwa kwa manowari zao. Tarehe 5 Juni 1873, baada ya mashauri marefu na balozi John Kirk, Sultani alitia sahihi mkataba. Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku, na masoko ya watumwa yakafungwa.

Haikupita hata miezi saba. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule wa 1873, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Mkunazini. Waliojenga walikuwa wamisionari wa Misheni ya Vyuo Vikuu, chama kilichozaliwa baada ya David Livingstone kuwaomba vijana wa Cambridge, mwaka 1857, waiangalie Afrika. Misheni ilinunua kiwanja, na sehemu nyingine ikatolewa na mfanyabiashara Mhindu, Jairam Senji. Tena husemwa kwamba saa ya mnarani ni zawadi ya Seyyid Barghash mwenyewe. Ikiwa ndivyo, basi kanisa hili la Wakristo lina jiwe la Mhindu chini yake na saa ya Mwislamu juu yake.

Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874. Jina lake yamkini unalijua, kwa kuwa ndiye aliyechapisha mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili na kitabu cha hadithi za Waswahili, kisha akafasiri sehemu kubwa ya Biblia. Alipenda kushughulika na mafundi kwa mikono yake mwenyewe. Paa la kanisa halina mihimili: limejengwa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa, likapindwa kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Husimuliwa kwamba wengi waliamini litaanguka. Halikuanguka. Husimuliwa pia kwamba siku moja Steere alipokuwa safarini, mafundi walisimamisha baadhi ya nguzo za upande wa magharibi juu chini; naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo, na hata leo huonyeshwa. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Lakini usidhani kwamba habari za kanisa hili ni habari za Wazungu tu. Mwaka 1864, wamisionari walipofika Unguja, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alisoma, akakua, na mwaka 1879 akawekwa kuwa shemasi. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, akawekwa kuwa kasisi. Fikiri maana yake. Mtoto aliyeandaliwa kusimamishwa katika mstari wa mnada alikuja kusimama mbele ya watu akiwafundisha, na waliomsikiliza wakamwita baba.

Sasa turudi kwenye neno lile la tatu. Je, utumwa uliisha? Mkataba wa 1873 ulikataza kuwasafirisha watumwa baharini na kuwauza sokoni. Haukukataza kuwa nao. Wafanyabiashara waliofungiwa bahari walishika njia ya nchi kavu. Misafara ilitoka Kilwa ikaelekea kaskazini kwa miguu kando ya pwani, na wengi walifia njiani, hata Sultani alipolazimika kutoa amri nyingine mwaka 1876. Huko Mombasa, mwaka 1875, Misheni ya Kanisa ilianzisha Frere Town ili kuwapa makao watumwa waliookolewa. Nayo makao hayo yasingehitajika kama mambo yangalikuwa yamekwisha. Katika Unguja yenyewe sheria haikuufuta utumwa mpaka mwaka 1897. Hata hapo mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake, bwana wake akalipwa fidia, naye asilipwe kitu. Masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya utumwa ulifutwa mwaka 1907.

Piga hesabu, msomaji. Mtoto aliyezaliwa na mama mtumwa kisiwani Unguja siku ile jiwe la msingi lilipowekwa alikuwa na miaka 23 sheria ilipomfikia. Krismasi za utoto wake kengele ililia Mkunazini kutangaza amani duniani, na yeye alikuwa bado mali ya mtu.

Wala jambo halikwisha hapo. Mwaka 1919 Gavana Northey wa Kenya alitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Wengi walielewa mara moja kwamba kuhimizwa na chifu ni kulazimishwa. Miongoni mwa waliopinga alikuwa Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908. Mwaka 1920 alitoa kijitabu kikali, akiishtaki serikali ya nchi yake kwa kuwafanya Waafrika kuwa watumwa wa namna nyingine. Askofu ambaye kiti chake kilikuwa juu ya soko la watumwa asingeweza kusema hajui utumwa unafananaje.

Ukienda kulitazama kanisa, utaonyeshwa mambo mengi. Utaambiwa kwamba madhabahu imejengwa mahali uliposimama mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa. Utaonyeshwa msalaba ambao mapokeo husema ulichongwa kwa mbao za mti wa Chitambo, ule ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Utapelekwa pia katika vyumba vya chini vilivyo karibu, vyenye giza na dari fupi, uambiwe kwamba watumwa walifungwa humo. Hapa tumia akili ya mwanahistoria. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni kuwa hospitali baada ya soko kufungwa, na wanahistoria kadha wana shaka kwamba watumwa waliwahi kuwekwa humo. Kuuliza hivyo si kuwadharau waliouzwa. Mateso yao yana ushahidi wa kutosha. Hayahitaji kuongezewa chumvi. Nje ya kanisa, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, pana shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Sanamu hizo hazina majina, nayo ni haki, kwa maana waliouzwa hapo hawakuandikiwa majina bali bei.

Labda sasa utaelewa kwa nini ibada ya Krismasi mahali hapa ina uzito. Siku hiyo husomwa habari za mtoto aliyezaliwa katika zizi, mtoto wa watu wasio na nguvu, ambaye malaika na wachungaji walimwona kuwa na thamani isiyopimika. Husomwa mahali ambapo watoto walipimwa kwa kimo na meno. Huimbwa kwa Kiswahili, lugha ambayo dalali aliitumia kutangaza bei na ambayo John Swedi aliitumia kuhubiri.

Lakini waumini hao hawasherehekei kazi iliyokwisha. Jiwe liliwekwa mwaka 1873, na uhuru ukasubiri. Ndivyo yalivyo mambo mengi ya historia: siku ya kutia sahihi huandikwa kwa wino mzito, na miaka ya kulitimiza neno lililotiwa sahihi husahauliwa. Kwa hiyo kila utakapoambiwa kwamba uovu fulani ulikomeshwa tarehe fulani, usiseme si kweli, wala usifunge kitabu. Uliza: walioonewa siku ile, kesho yake waliamka wakiwa nani?